Kansa ikirudi kwenye ini, ulizeni sentimita

Mzee wangu alikatwa utumbo mpana sababu ya kansa, akamaliza kemo, zile dawa za kuua kansa, pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, tukashukuru Mungu. Mwaka na nusu baadaye kipimo cha damu cha CEA, kinachoweza kuashiria kansa hii imerudi, kikaanza kupanda, siti skani ikaonyesha uvimbe mmoja kwenye ini. Nyumbani Mbagala shangazi akaanza kulia hapohapo, maana kwetu kansa ikisharudi watu wanawaza msiba tu. Jamani msifike huko haraka hivyo.

Damu ya utumbo mpana inapitia kwenye ini kwanza, ndo maana kansa hii inapenda kuibukia hapo, na kama ipo hapo tu, bado kuna njia. Mzee moyo unamsumbua, upasuaji mkubwa ulikuwa hatari, basi wakauchoma uvimbe kwa joto. Sindano ndefu inapita kwenye ngozi, daktari anaiongoza kwa ultrasaundi au siti skani, ncha ikifika ndani ya uvimbe inapandisha joto kupita nyuzi 60 seli zinakufa, na wanachoma mpaka nyama isiyo na kansa inayouzunguka, angalau milimita 5, ikifika 10 ndo bora.

Sasa sentimita. Uvimbe usiozidi 3 ndo unaungua vizuri, ukizidi hapo ni rahisi kubaki mabaki. Wa mzee ulikuwa 2.4. Ile ripoti ilikaa kwenye faili wiki saba kabla hatujaambiwa kitu, na mimi sikuuliza, niliogopa kumsumbua daktari, mpaka leo inaniuma. Nyie ulizeni: iko mingapi, mikubwa kiasi gani, imekaa karibu na mshipa mkubwa? Maana damu inayopita pale inapooza joto, kama sufuria ya moto ukiiweka chini ya bomba. Na mbebe CD ya picha, sio karatasi peke yake.

Alitoka na plasta ndogo tu chini ya mbavu za kulia. Usiku wa pili akapata homa kidogo na uchovu, hiyo ni kawaida kwa siku chache, ila homa ikiwa kali, akitetemeka, au ikipita wiki, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, linaweza kuwa jipu kwenye ini.

Skani ya kwanza baada ya mwezi ilikuwa safi, tangu hapo tunaenda kila miezi mitatu. Kesho asubuhi tunatoa damu ya CEA nyingine, daftari la majibu nimeshaliweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na zile CD.