Re: Jirani kapandisha ghorofa, nyumba ya pembeni ninunue?

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: nyumba unayoitaka Tabata, Dar, imegusana ukuta na ya jirani, naye kaongeza ghorofa lenye madirisha yanayotazama uani kwako. Muuzaji anasema "hakuna shida".

Usianze na kibali cha ujenzi cha jirani, anza na mpaka. Mimi niliponunua Segerea nilihangaika na kibali cha jirani wiki mbili, kumbe bikoni yangu moja (alama ya mpaka wa kiwanja) ilikuwa chini ya jiko lake! Chukua namba ya kiwanja na kitalu, mpe mpima mwenye leseni afufue bikoni, yaani azirudishe mahali pake, kabla hujatoa hata senti. Kisha omba upekuzi wa hati ya kiwanja kwa Msajili wa Hati, utaona mmiliki, rehani na zuio kama lipo.

Ndipo uende mipango miji halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ruhusa kabla ya kuendeleza kiwanja. Uliza kama jirani ameidhinishiwa hilo ghorofa. Kibali cha nyumba isiyo na ghorofa hakitoshi. Barua ya mtendaji wa mtaa nayo si kibali, ila yeye ndiye anayejua nani wanagombana.

Mimi si mwanasheria, mkataba mpe wakili. Na siku ya mvua nenda ukaangalie maji ya bati la jirani yanamwagikia wapi.