Mzee wa Dunga na Yaliyomo Yaliyogeuka Ukoo

Mwaka jana nilipewa kazi ya kugeuza mwongozo wa ufugaji wa samaki kwenye vizimba ziwani uwe kitabu pepe cha kusomwa kwenye simu. Watu watatu walikuwa wameuandika kwa Sphinx, programu ambayo waandishi wa nyaraka huipenda kwa sababu faili zilezile hukupa tovuti, PDF na EPUB, yaani faili ya kitabu pepe. Tovuti ilitoka safi. EPUB nayo ikatoka, nikaitia kwenye simu na kupanda boda hadi Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, kumwonyesha mzee mmoja mwenye vizimba vinne.

Nilimkuta ametoka kulisha, vidole bado vina unga wa chakula cha samaki. Akabonyeza penye yaliyomo, akateremsha, akateremsha tena, kidole kikiacha michirizi kwenye kioo. Mwishowe akanirudishia simu.

"Mwanangu, haya ni yaliyomo au ni ukoo wa mtu?"

Jioni nikahesabu. Mistari 187. Neno "Tahadhari" peke yake lilijitokeza mara 31, na huwezi kujua ni tahadhari ya nini mpaka ulibonyeze.

Nilianzia mahali pasipofaa. Kwenye Sphinx, orodha ya sura huandikwa ndani ya toctree, na humo kuna mpangilio uitwao maxdepth. Nikaufanya 1, nikatengeneza kitabu upya, na menyu ya simu haikutikisika. Usiku mzima! Kumbe maxdepth hupunguza tu ile orodha inayoonekana ndani ya ukurasa. Menyu ambayo msomaji huifungua kwenye programu yake ya kusomea hutoka kwenye faili nyingine mbili zilizo tumboni mwa EPUB: nav.xhtml ya EPUB 3, na toc.ncx iliyobaki kwa ajili ya visomeo vya zamani. Hizo hutii epub_tocdepth, inayoandikwa kwenye conf.py, faili ya mipangilio ya Sphinx. Usipoigusa, Sphinx hukupa ngazi 3 za vichwa. Mimi niliweka 2.

Hapohapo nikakutana na jambo la pili: kila sura yenye vichwa vidogo ndani yake ilitajwa mara mbili, "Kulisha" na chini yake "Kulisha" tena. Hilo si kosa la mwandishi. Ni epub_tocdup, ambayo huwa imewashwa ili msomaji aweze kurudi mwanzo wa sura. Kwenye kioo kidogo inachanganya tu, kwa hiyo izime kwa False. Na kama umezificha baadhi ya toctree kwa hidden, kisha sura zake zikapotea kwenye menyu ya kitabu, andika epub_tocscope = 'includehidden'.

Hapo mistari ilipungua sana, lakini kitabu bado kilisomeka vibaya, maana kupunguza ngazi ni kukata matawi tu. Ugonjwa ulikuwa kwenye vichwa vyenyewe.

Chukua zile Tahadhari. Mwandishi alitaka neno lionekane kubwa, basi akaligeuza kichwa. Programu haijui kwamba ulitaka ukubwa tu. Ukiiambia ni kichwa, itakiorodhesha. Nilizihamisha zote 31 kwenye kisanduku cha warning. Pale nilipohitaji kichwa cha kuonekana tu, bila kuingia kwenye yaliyomo, nilitumia rubric. Mwandishi mwingine alifanya kinyume: vichwa vyake vya kweli vilikuwa maandishi ya kukoleza, kwa hiyo sura nzima ya magonjwa ilikuwa na mstari mmoja tu kwenye menyu. Wanaoandika kwa LibreOffice, programu ya kuandikia, wanaujua ugonjwa huu vizuri, maana huko pia kichwa ni mtindo uliouchagua, si wino uliokoleza.

Wa tatu alinipa kazi kubwa zaidi. Kwenye faili za Sphinx, kichwa hupigiwa mstari chini kwa alama kama === au ---, na alama haina cheo chake cha kudumu: ile inayotangulia kwenye faili ndiyo hushika ngazi ya juu. Yeye, katika faili moja ya kuvuna, alipiga === chini ya vichwa vinne. Kwake ilikuwa sura moja yenye sehemu nne. Kwa Sphinx ni sura nne, na zikakaa kwenye menyu bega kwa bega na "Kulisha" na "Magonjwa". Ukiona sura zimezidi zile ulizoziandika, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Kuna njia ya mkato inayowatamanisha wengi: kufungua EPUB kwa Calibre, programu ya kutunza na kuhariri vitabu pepe, na kuyahariri yaliyomo kwa mkono. Kwa kitabu ambacho hakitaguswa tena, fanya. Kwa mwongozo ambao bei na dawa zake hubadilika kila msimu, utarudia kazi hiyo kila unapotengeneza toleo jipya, na siku moja utasahau. Rekebisha kwenye chanzo. Wenzangu mnaotumia Pandoc, programu nyingine ya kugeuza nyaraka, kazi hii kwenu ni ya --toc-depth, nayo pia huanza na 3.

Kisha nikakaa na maneno yenyewe, na hapa ndipo muda mwingi ulikwenda. "Usimamizi wa Hewa Majini" kilikuwa kichwa kizuri cha ripoti, lakini nani hutafuta hivyo saa kumi na moja alfajiri, wakati hewa majini iko chini kabisa na samaki wanang'ang'ania juu? Nikakiita "Samaki wakihema juu ya maji". Kichwa kilichokuwa kirefu mno nilikiacha kirefu ndani ya sura, nikakipa jina fupi kwenye toctree: unaandika jina fupi, kisha jina la faili ndani ya alama za < na >. Mistari 187 ikawa 38.

Nilirudi Dunga wiki iliyofuata. Mzee akashuka na kidole mara mbili, akasimama kwenye samaki wanaohema, akabonyeza, akasoma kimya kwa muda. Halafu akainua macho.

"Sasa bei ya chakula mmeificha wapi?"

Haikuwemo kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiandika.