Volnay ya 1999: kuifungua na kuionja bila kuivuruga

Swali: Nilipewa chupa mbili za Volnay Premier Cru ya 1999, mvinyo mwekundu wa kijiji cha Volnay, Burgundy, Ufaransa (Premier Cru ni daraja la juu la mashamba yake). Ya kwanza niliitoa kabatini ilikolazwa, nikaifungua hapo hapo na kuimimina kwenye jagi la kioo kwa saa tatu, kama nifanyavyo kwa mvinyo wa Bordeaux. Rangi ilikuwa hafifu, mvinyo una ukungu na uchungu, harufu karibu hakuna. Ilikuwa imeharibika? Hii ya pili niifanyeje? Naishi Dar es Salaam.

Jibu: Kwa dalili hizo, huenda chupa ilikuwa nzima mpaka ulipoifungua. Ukungu na uchungu ni mashapo, yaani masimbi yanayotuama ndani ya chupa, yaliyotibuka. Harufu iliondoka katika zile saa tatu. Rangi hafifu si kasoro hata kidogo: mvinyo mwekundu wa Burgundy ni wa zabibu za Pinot Noir, zenye ganda jembamba na rangi kidogo tangu mwanzo, na kadiri miaka inavyopita rangi hiyo hushikana na tanini (kile kinacholeta ukakasi mdomoni) na kuzama. Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, ukingo wa rangi ya tofali ndio unaotarajiwa kwa umri huu.

Mashapo ya Pinot ni laini mno, hayatulii upesi. Simamisha chupa siku tatu kabla, wiki ikiwezekana. Ikishasimama, pima nafasi kati ya kizibo na mvinyo: sentimita 2 hadi 4 ni kawaida, ikizidi 6 ujue hewa imeingia sana. Na kama kabati lako halina ubaridi, usiendelee kuitunza. Nyuzi 28 kwa miezi huipika.

Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa “joto la chumba” ulitokana na nyumba za baridi za Ulaya. Iweke kwenye friji ikiwa imesimama, mpaka ifike nyuzi 14 au 15. Ndani ya glasi itapanda yenyewe.

Kizibo ndicho kinachowashinda wengi. Ondoa kifuniko chote cha bati, futa kuvu iliyo juu ya kizibo kwa kitambaa chenye unyevu (kuvu hiyo haina madhara). Kizibuo cha skrubu mara nyingi hutoboa katikati ya kizibo kilichozeeka na kuacha pembeni kumeganda. Tumia cha meno mawili: jino refu litangulie kati ya kizibo na kioo, kisha lile fupi, uyasukume kwa kuyumbisha huku na huku, halafu vuta huku ukizungusha. Ukiona kizibo kinazama, acha kusukuma. Chukua skrubu ndefu uiingize kwa mshazari. Vipande vikidondoka, chuja kwa kichujio cha chuma chenye matundu madogo. Karatasi ya kahawa huacha ladha yake.

Jagi liache. Mvinyo wa umri huu una kinga ndogo dhidi ya hewa, na harufu zake nyepesi ndizo hutangulia kupotea. Mimina kidogo, kama mililita 30, uonje. Ikiwa imefunga, yaani harufu bado haijatoka, ipe dakika 20 ndani ya glasi. Kisha jaza glasi zote kwa mwinamo mmoja, chupa isirudi wima katikati, na usizidishe theluthi ya glasi pana. Mililita 50 za mwisho ziache chini.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi. Tafuta cheri kavu, uyoga, majani yaliyolowa, ngozi. Dokezo la nyama ya porini nalo ni la kawaida. Harufu ya kadibodi iliyolowa inayozidi kadiri unavyosubiri ni dosari ya kizibo, haina dawa. Siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha, au tofaa lililopondeka pamoja na rangi ya kahawia mpaka katikati, ni uharibifu. Mdomoni, ukakasi wa ndizi mbichi unapaswa kuwa umelainika, uchachu ukiwa bado hai. Mwaka 1999 ulitoa mavuno mengi na zabibu zilizoiva vizuri kule Côte de Beaune, sehemu ya Burgundy kilipo Volnay, kwa hiyo bado kutegemea ladha ya tunda ni haki yako.

Onja tena kila baada ya dakika 15, maana harufu hubadilika, na chupa nyingine hufunguka kisha zikafifia ndani ya saa moja. Imalizeni usiku huo huo.