Anza na Weusi: Jibu kwa Kijana Anayetaka Kutunga Mafumbo ya Sataranji

Tangu fumbo langu la hatua mbili (Weupe waanze, wape chekimeti kwa hatua yao ya pili) lichapishwe hivi karibuni katika jarida moja la Ulaya, nimepokea hongera nyingi, lakini ujumbe uliostahili kujibiwa kwa kirefu ni mmoja tu, wa kijana wa Malindi: "Shikamoo ustadhi. Mimi hucheza vizuri na hata shuleni nilishinda mashindano, lakini mafumbo hunishinda. Nianzie wapi ili nami niwe mtungaji?" Marahaba, mdogo wangu. Naamini kila anayesoma hapa amewahi kutamani kuliona jina lake juu ya mchoro wa ubao wa sataranji, kwa hiyo jibu hili ni lenu nyote.

Ujue kwanza kwamba mchezaji hodari si lazima awe mfumbuaji hodari. Mchezaji amezoea kutafuta cheki na kula kete, ilhali desturi ya watungaji ni kwamba hatua ya kwanza isiwe cheki wala isile kete, kwa kuwa hatua ya namna hiyo humjia kila mtu bila kufikiri. Anayeanza kwa kujaribu cheki zote anapekua mahali ambapo mtungaji amekwisha hakikisha hapana kitu. Anza na Weusi. Kabla hujasogeza kete yoyote nyeupe, chukulia kwamba zamu ni ya Weusi, uandike kila hatua wanayoweza kucheza, kisha uangalie kama Weupe tayari wana chekimeti ya kuijibu. Hatua nyeusi isiyo na jibu ndiyo itakayokuonyesha ufunguo wa fumbo, yaani hatua ya kwanza iliyo sahihi ya Weupe, una kazi gani. Tena itazame kete nyeupe iliyokaa mbali bila shughuli, maana mara nyingi ndiyo inayoanza.

Mimi sikufundishwa na mtu. Hapa Lamu, kwenye mabaraza ya Mkunguni mbele ya Ngome, mchezo wenye heshima ni bao, na anayekaa peke yake na ubao wa sataranji, hana mpinzani na hasogezi kitu kwa saa nzima, huonekana ana walakini. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, wateza na nani?" Baraza zima likacheka, na wengine waliendelea kunitania kwa swali hilo hata siku ya harusi yangu. Nilinyamaza kwa sababu ya umri wake, si kwa kukosa jibu. Ningeweza kumwambia kwamba mabingwa wa Baghdad walitunga mafumbo hayo, wakiyaita mansuba, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita; kwamba as-Suli, mmoja wa mabingwa hao, aliyefariki katika karne ya 10, aliacha fumbo moja gumu ambalo suluhisho lake lilingoja hadi miaka ya 1980, alipolipata Mrusi Yuri Averbakh; na kwamba tangu mwaka 1977 kuna ubingwa wa dunia wa kufumbua mafumbo, ambamo washindani hukaa kimya kama nilivyokaa mimi pale barazani. Leo waliocheka wananiomba niwafundishe watoto wao. Nawafundisha, lakini sijasahau.

Chukua ubao sasa; herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo kuhesabu kutoka upande wa Weupe. Mfalme mweupe yuko h8 na askari wake mmoja yuko c6. Mfalme mweusi yuko a6 na askari wake yuko h5. Weupe waanze, wapate sare. Hili ni la Richard Réti, mchezaji na mtungaji mashuhuri, la mwaka 1921, na ukilitazama haraka utaapa kwamba Weupe wamekwisha: askari wa h5 amemtangulia mfalme kwa mbali, na askari wa c6 analiwa wakati wowote. Basi uliza Weusi wanataka nini. Wanataka mambo mawili, kukimbiza askari wao na kumla wa Weupe, lakini kila zamu ni hatua moja tu. Mfalme mweupe anateremka kwa mshazari, g7, f6, e5, na kila mraba anaokanyaga unamsogeza pande mbili kwa wakati mmoja. Weusi wakipoteza zamu kumla askari wa c6, mfalme anakwenda f4 na kumnasa askari wao. Wakikimbia tu, anageukia upande wa askari wake kumsindikiza, na askari wa pande zote mbili wanafika mwisho wa ubao na kuwa malkia. Nilipolielewa fumbo hilo sikulala usiku ule, na ndipo nilipotaka kuwa mtungaji.

Katika kutunga nako, anza na Weusi. Chagua utetezi mmoja unaokupendeza, yaani hatua ya Weusi ya kujikinga, upange chekimeti inayoujibu, halafu ongeza utetezi wa pili wenye chekimeti tofauti. Kete isiyo na kazi iondoke. Katika fumbo langu palikuwa na askari mweupe wa a2 ambaye kazi yake pekee ilikuwa kuzuia ufunguo wa pili, na fumbo la hatua mbili lenye funguo mbili halichapishwi. Askari yule alinikera majuma mazima, mpaka nilipousogeza mpango wote safu moja kuelekea a, ule ufunguo wa pili ukakosa nafasi, naye nikamtoa. Mwamuzi alisifu uchache wa kete, nami nasema kwa fahari kwamba alistahili kusifu.

Vijana wa leo mna haraka. Mnaipa kompyuta fumbo kabla ya kulitazama, kisha mnajiita wafumbuaji! Fumbua kwa macho kwanza. Programu iitwayo Popeye, isiyo ya kulipia, hutafuta kila ufunguo uliopo, lakini kazi yake ni kukagua ulichotunga kabla ya kukituma, si kufikiri kwa niaba yako. Nasema tena, anza na Weusi.

Unapotuma, ambatisha suluhisho lote pamoja na kila utetezi, na uandike jina lako kamili na mwaka juu ya mchoro wenyewe. Usimwonyeshe mtu yeyote kabla ya kufanya hivyo. Fumbo langu la awali, nililompa rafiki alitazame tu, lilionekana baadaye kwenye ukurasa wa watu wengine chini ya maneno "mtungaji hajulikani", na barua nilizowaandikia hazijajibiwa mpaka leo.