Magaga ya Julai, kucha nyeusi na vipele vya kidevu

SWALI: Kila Juni ikiingia visigino vyangu vinapasuka hadi vinatoa damu. Napaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, sioni nafuu. (Mama muuza viazi, Makambako)

JIBU: Pole mama. Upepo wa hapo naujua, unapenya sweta mbili.

Nyayo na viganja havina tezi za mafuta hata moja. Vinatoa jasho tu. Kisigino kimefunikwa na tabaka nene la seli zilizokufa, na ulaini wake wote unategemea maji. Kipupwe kikija, hewa kavu inayanyonya, tabaka linakauka kama tope la jaruba la Usangu maji yakishakatwa. Ukilikanyagia na uzito wako, linapasuka. Ufa ukizama hadi ngozi ya ndani, penye mishipa ya damu na neva, ndipo unapochechemea.

Mafuta ya mgando hayaleti maji, yanayazuia yasitoke. Ukipaka kisigino kikavu, umefungia ukavu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, sugua taratibu kwa jiwe, futa juujuu, paka kungali na unyevu, vaa soksi ulale. Wembe usiuguse, niliwahi kuyachonga magaga yangu, nikatembelea vidole wiki nzima. Utajua yanapona siku kisigino kitakapoacha kunasa nyuzi za shuka. Ila kama una kisukari, usijitibu nyumbani, nenda kituo cha afya.

SWALI: Nilijigonga nyundo dole gumba la mkono, kucha imekuwa nyeusi. Itapona lini? (Fundi mbao, Mafinga)

JIBU: Weusi huo ni damu iliyonaswa chini ya kucha. Kucha yenyewe ni keratini, mabaki ya seli yaliyobanana, ndiyo maana unaikata bila maumivu. Kinachoiotesha kiko shinani, chini ya ngozi. Kipande chake ndicho kile kimwezi cheupe. Kucha ya mkono husogea kama milimita 3 kwa mwezi, basi hesabu miezi 6 hivi. Ingekuwa ya mguu, ungengoja mwaka na zaidi. Pima leo doa liko umbali gani kutoka shinani, upime tena mwezi ujao. Likisogea kuelekea nchani, endelea na kazi. Lisiposogea, au ukiona mstari mweusi ambao hukujigonga, mwone daktari.

SWALI: Ni kweli ukinyoa sana ndevu zinazidi kuwa nene? (Mwanachuo, Iringa)

JIBU: Hapana. Wembe unakata kisicho hai, shina huko ndani halina habari. Ncha iliyokatwa inakuwa butu, ndiyo inayokwaruza. Shida yetu wenye nywele za kipilipili ni nyingine: ndevu ikikatwa chini sana inajikunja na kurudi kuchoma ngozi, unapata vipele. Mwambie kinyozi abakize kidogo.

SWALI: Mwanangu ana ualbino. Kwa baridi hii ya Mbeya, kofia ya nini? (Baba, Uyole)

JIBU: Inahitajika sana, baba. Kinachochoma ngozi ni mionzi, wala si joto, na kila unapopanda meta 1,000 inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mbeya iko kwenye meta 1,700 hivi. Seli za kutengeneza rangi mtoto anazo kama wewe, ila hazitoi melanini ya kutosha kumkinga. Mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, hata siku ya mawingu. Na kofia iwe ya ukingo mpana. Kapelo inaacha masikio na shingo nje.