Kidhibiti mwendo na kruzi kontroli: vitumike wapi?

SWALI: Gari nililonunua hivi karibuni lina kidhibiti mwendo na pia kruzi kontroli, na vyote huwashwa kwa vitufe vya kwenye usukani. Vinatofautianaje, na ni wakati gani nisivitumie?

JIBU: Kidhibiti mwendo huweka kikomo tu. Ukikipangia kilomita 50 kwa saa, utaendelea kukanyaga mafuta mwenyewe, lakini gari halitaongeza kasi kupita hapo, isipokuwa ukikandamiza pedeli hadi mwisho, kwani magari mengi huachia kikomo wakati huo ili dereva aweze kuikwepa hatari. Kruzi kontroli nayo hushikilia mwendo bila mguu wako hadi uguse breki. Kidhibiti kinafaa zaidi mjini, na kruzi kwenye barabara kuu iliyonyooka, kavu na isiyo na msongamano.

Mvua ikinyesha, tafadhali zima kruzi kabisa. Matairi yakipoteza mshiko juu ya maji, mfumo unaweza kuendelea kuisukuma injini wakati ambao dereva angekwisha kuondoa mguu. Kwenye mteremko mrefu pia usivitegemee, kwa kuwa katika magari mengi havifungi breki. Teremka kwa gia ndogo.

Jihadhari sana na kitufe cha kurejesha mwendo: ukikibonyeza baada ya kuiacha barabara kuu, gari litaanza kuzitafuta zile kilomita 100 ulizopanga awali. Kwa kasi hiyo linapita takriban mita 28 kila sekunde, kwa hiyo mguu unaopumzika ukae karibu na breki, usikunjwe chini ya kiti.