Maji ya mgodi wa Jáchymov: yanabebeka kwenye dumu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Chemnitz, Ujerumani. Mama mkwe anasumbuliwa na magoti, na daktari amemtajia mji wa Jáchymov, ng'ambo ya mpaka huko Ucheki, akaogee maji ya radoni. Wiki tatu za kulala kule ni ghali. Tukichota lita 20 tukampashia nyumbani, si yale yale? Halafu, kama radoni ndiyo iliyoua wachimba migodi, mbona wagonjwa wanaogeshwa?

Jibu: Marahaba. Si yale yale, na umbali hauna kosa. Nusu-uhai ya radoni, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni siku 3.8, hivyo safari ya saa mbili inakupunguzia asilimia 1 na nusu tu. Kinachokuangusha ni dumu. Radoni ni gesi. Imo ndani ya maji lakini haikuungana nayo, inatafuta pa kutokea. Kwenye nyuzi 20, hewa iliyokaa na maji hayo huishia kuwa na radoni karibu mara nne ya inayobaki majini. Dumu likiwa nusu na likatikisika barabarani, kama asilimia 80 ya gesi iko juu ya maji; ukifungua kizibo, imekwenda. Ukilijaza hadi shingoni utaokoa sehemu kubwa, ila plastiki nayo huipitisha taratibu, na bado hujapasha wala kumimina. Sufuria ya wazi jikoni itamalizia kazi.

Na ikitoka inaingia chumbani. Chemchemi ya Běhounek, iliyopatikana 1962 kwenye ngazi ya 12 ya mgodi wa Svornost wa huko Jáchymov, karibu mita 500 chini ya ardhi, ina takriban bekereli (kipimo cha mionzi) 10,000 kwa lita. Lita 20 ni bekereli 200,000. Katika bafu la mita za ujazo 10 lililofungwa dirisha, gesi yote ikitoka, ni 20,000 kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri hewa ya nyumbani isizidi 100. Mama ataoga maji matupu, na wewe unayemsugua mgongo ndiye utakayevuta radoni.

Kule Jáchymov maji hupanda kwa bomba lililozibwa, na beseni hujazwa polepole kutoka chini ili yasiruke. Mgonjwa hulala humo kama dakika 20, kwenye nyuzi 36 hadi 37, ametulia tuli, maana kila akipigapiga maji anaifukuza dawa. Akitoka anajifunika na kupumzika. Radoni iliyopenya ngozini nyingi yake hutoka kwa pumzi muda si mrefu.

Kuhusu wachimbaji, umeuliza vizuri. Mji huu ulikua kwa madini ya fedha kuanzia 1516, na sarafu zake, Joachimsthaler, ndizo zilizozaa jina "dola" (hata ile reale ya Maria Theresa ya pwani yetu ni ya ukoo huo). Mabaki ya madini yake ya urani ndiyo waliyoyachambua Marie na Pierre Curie walipogundua radiamu, 1898. Bafu zikaanza 1906. Lakini kilichoua mashimoni hasa ni vizalia vya radoni, yaani chembe zenye mionzi inazogeuka kuwa, kama poloni, vinavyonata kwenye vumbi na kuganda mapafuni, mwaka baada ya mwaka, pasipo hewa safi. Watafiti Härting na Hesse walieleza saratani hiyo kwa wachimbaji wa Schneeberg, upande wenu wa mpaka, tangu 1879. Dakika 20 za beseni kwa wiki tatu ni dozi ndogo mno kulinganisha na hiyo, ila si sifuri: wajawazito, watoto na wenye saratani hawaogeshwi.

Kabla ya kulipa chochote, muulize daktari: magoti yamelika kwa umri, au ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili? Majaribio, nayo ni machache, yameonyesha maumivu kupungua kwa miezi kadhaa zaidi kwa hao wa pili. Ni nafuu, ugonjwa wenyewe unabaki.

Kama shida ni malazi, mji wa Bad Schlema uko Saxony, jimbo lenu hukohuko, karibu nanyi kuliko Jáchymov. Nayo ilikuwa machimbo ya urani na ina bafu za radoni, kwa hiyo mama anaweza kwenda akarudi kulala nyumbani. Bima yake iulizwe kwanza, kwa maandishi.